USIHESABU MIEZI TU, TAZAMA ANAVYOJISOGEZA (Sehemu ya 4)

Wa Kashai, Hamugembe na Rwamishenye, wa Kamachumu, Nshamba na Muhutwe, na nyie wa visiwani mnaosoma mtandao ukikubali, karibuni. Akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu za wake zenu, nawaona pia. Karibuni.

Sehemu ya tatu tuliongea kuhusu manjano ya kichanga. Baada ya hapo nimepata meseji nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Nesi, mwanangu ana miezi saba hajakaa. Wa jirani alikaa na miezi mitano. Niogope?"

Leo najibu. Ila naomba tusianze na miezi.

Miezi ina kazi yake, sikatai. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo. Watoto hao walianza kukaa bila kushikiliwa kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Kutembea wenyewe walianza kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Umeuona upana huo? Mmoja anatembea na miezi tisa, mwingine na miezi kumi na saba, na wote wazima. Tena kama watoto wanne katika kila mia hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wakafika kutembea bila kupita huko.

Kwa hiyo mtoto wa jirani mwache na mambo yake.

Swali linalotusaidia zaidi ni hili: anajisogeza VIPI? Ubongo ndio unaoituma misuli. Ubongo ukiwa na hitilafu, mara nyingi mwendo wa mtoto huanza kusema mapema, hata kabla miezi ya kukaa haijafika. Na mtu wa kwanza kuusikia mwendo huo si daktari wala si mimi. Ni wewe unayemwogesha, unayembadilisha nepi, unayemfunga mgongoni.

SIFA TATU ZINAZODANGANYA

Nimefanya kazi kliniki ya watoto Muleba, sasa niko Bukoba. Sifa hizi tatu nimezisikia zikitolewa kwa furaha kweli.

Ya kwanza: "Huyu ana nguvu!" Mtoto wa miezi minne, ukimsimamisha anakakamaza miguu yote miwili kama fito, anasimamia vidole, visigino havigusi chini. Mgongo anaupinda kwenda nyuma. Watu wanashangilia, eti huyu atatembea mapema. Sasa sikiliza. Nguvu ya kweli inakwenda pamoja na kuachia. Mtoto mzima anakaza, analegeza, anakunja goti, anapiga teke, anabadilisha. Kusimamia vidole mara mojamoja si tatizo. Lakini mtoto anayekaza kila mara na hawezi kuachia, hiyo si nguvu. Misuli inakazwa bila yeye kutaka.

Ya pili: "Huyu ni wa mkono wa kulia kama baba yake." Ana miezi sita! Kabla ya mwaka mmoja mtoto hutumia mikono yote miwili. Ukiweka kitu kushoto akakifuata kwa mkono wa kulia, ukakirudia tena na tena na bado ni hivyo, usiulize kwa nini anaupenda mkono wa kulia. Uliza wa kushoto una nini.

Ya tatu: "Huyu mpole, hasumbui hata kidogo." Ukimbeba anateleza mikononi kama nguo iliyolowa. Shingo inaning'inia hata baada ya miezi minne. Kilio chake kidogo, kunyonya anachoka upesi. Upole wa tabia ni kitu kimoja na ulegevu wa mwili ni kitu kingine, tusivichanganye.

Sisemi kila mtoto mwenye moja ya haya ana ugonjwa. Nasema sifa hizo ziwe sababu ya kuuliza.

MAMA MMOJA WA MULEBA

Nitawasimulia mmoja. Nimebadilisha mambo kidogo asitambulike.

Mtoto wake wa kwanza. Uchungu ulichukua muda mrefu, mtoto akazaliwa amechoka, hakulia mara moja. Walikaa wodini siku kadhaa wakaruhusiwa. Chanjo zote alipata, uzito ukapanda vizuri, kadi ya kliniki ya kupendeza kabisa. Alikuja kwetu kupima uzito mtoto akiwa na miezi mitano.

Anamvua nguo kwa ajili ya mzani, akaniambia kama utani: "Nesi, huyu kumfunga mgongoni ni vita. Miguu haitaki kufunguka. Nepi ndo usiseme." Akacheka. Mama mkwe wake alikuwa pembeni, akadakia, "Waitu nesi, huyu mwanaume! Amechukua nguvu za babu yake."

Nilimlaza mtoto nikamtazama. Mapaja yamebanana, miguu inapishana kama mkasi. Dole gumba la mkono wa kushoto limefichwa ndani ya ngumi. Lakini uso unatabasamu, macho yanamfuata mama yake kila anakokwenda. Mtoto mzuri jamani. Siku hiyohiyo akaandikiwa rufaa kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Wakati nakunja ile karatasi mama akaniambia, sasa hacheki, kwamba habari ya miguu alishaisema mahali pengine mtoto akiwa na miezi mitatu. Akaambiwa watoto hutofautiana, asubiri. Akasubiri. Maana yake macho yake yalikuwa yameona miezi miwili kabla ya watu wote, na alikuwa ameshaanza kujishuku kwamba anajitafutia ugonjwa.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Swali la kwanza halikuwa "tufanye nini." Lilikuwa "huu ugonjwa kwenu upo?" Hela ya kahawa ilikuwa imeingia, na baba wa mtoto alishaambiwa kuna mganga mzuri, aende nayo huko. Hela ni hiyohiyo moja. Ikienda kwa mganga, nauli ya hospitali haipo.

Yule mama alimwomba mumewe kitu kimoja tu: twende wote hiyo siku ya kwanza, ukaone mwenyewe, halafu uamue. Akakubali.

NDANI YA CHUMBA CHA MAZOEZI

Wengi mnakiogopa hiki chumba, kwa hiyo niwaambie kilichofanyika. Nilikuwepo. Hakuna sindano, hakuna mashine ya kutisha. Mkeka, taulo, kifuniko cha chupa chenye rangi, kinyundo kidogo cha mpira na futi ya kupimia kichwa.

Mtaalamu hakumgusa mtoto kwanza. Alimwacha amelala chali akamwangalia, huku anamuuliza mama: mimba ilikuwaje, uchungu ulichukua muda gani, alilia lini, alipata manjano, degedege, homa kali? Kumwangalia tu bila kumgusa kuna maana yake. Mtoto ukimshika anabadilika, na anachokifanya mwenyewe kwa hiari yake ndicho kinachoonyesha ubongo unavyotuma.

Halafu akashika mguu. Akaukunja na kuunyoosha goti polepole. Mguu ukakubali. Akarudia harakaharaka, ukakwama katikati, kisha ukaachia. Akatueleza tofauti: msuli uliofupika wenyewe hukataa vilevile, uende polepole au haraka. Ugumu unaotoka kwenye ubongo huamka zaidi ukienda haraka. Hizi ni hali mbili, na kazi yake si moja.

Kisha akamgeukia baba. "Njoo baba, shika wewe."

Baba akashika. Polepole, sawa. Haraka, ukakwama. Akarudia mara ya pili. Akakaa kimya. Nadhani ndipo lile jambo lilipotoka kwenye maneno ya watu likaingia mkononi mwake mwenyewe.

Mengine yaliyofuata ni haya. Alimvuta mtoto kwa mikono kutoka kulala hadi kukaa, aone kama kichwa kinafuata au kinabaki nyuma. Alimlaza kwa tumbo aone kama anainua kifua. Alimwonyesha kile kifuniko katikati, kushoto, kulia. Aligonga goti kwa kinyundo. Alitazama ule mshtuko wa kichanga wa kufungua mikono kama anaanguka, ambao kwa kawaida huwa umeondoka ifikapo kama miezi sita, na kama mikono yote miwili inafunguka sawa. Mkono mmoja usipofunguka, inaweza kuwa mishipa ya fahamu ya bega ilivutika wakati wa kuzaliwa. Akapima kichwa. Akaangalia kama anasikia na kama anaona.

Mwisho akaandika, na cha kwanza alichoandika ni yale anayoyaweza: anatazama, anatabasamu, anafikia kitu kwa mkono wa kulia, ananyonya vizuri. Mazoezi hujengwa juu ya hayo.

Jina la hali ile mnalijua: mtindio wa ubongo. Sehemu ya ubongo iliumia wakati bado unajengeka. Lakini haufanani kwa wote. Wengi hukakamaa kama yule mtoto. Wengine hujinyonganyonga bila kutaka, mwili mara mkavu mara laini, na hawa wapo waliopata manjano makali yasiyotibiwa mapema. Wengine huyumba na kutetemeka wakitaka kushika kitu. Ndiyo maana usichukue mazoezi ya mtoto wa rafiki yako ukamfanyia wako.

Kuna pia ngazi tano za uwezo wa kusogea, zilizotungwa Canada mwaka 1997 na hutumika sehemu nyingi duniani. Ngazi ya kwanza anatembea bila msaada, ya tano anahitaji kubebwa au kusukumwa kwenye kiti. Ukiambiwa ngazi ya mwanao usiichukue kama matokeo ya mtihani. Inawasaidia kupanga: fimbo, kiti, au mazoezi gani.

SIMU YAKO INAWEZA KUSAIDIA

Kulikuwa na daktari anaitwa Heinz Prechtl, Mwaustria aliyefanya kazi miaka mingi Groningen, Uholanzi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatazama vichanga wakijisogeza. Mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 130. Waligundua kwamba kati ya wiki ya 9 na ya 20 mtoto mzima anakuwa na vijimwendo vidogovidogo vya kuzungukazunguka shingoni, mabegani, viganjani, nyongani na kwenye vifundo vya miguu, vinavyoendelea mfululizo akiwa macho na ametulia. Vijimwendo hivyo vikikosekana kabisa, ni onyo kubwa kwamba huenda mtindio wa ubongo unakuja.

Kwa mtoto njiti, wiki hizo zihesabu kuanzia tarehe uliyotarajiwa kujifungua, si siku aliyozaliwa. Na miezi yote ninayoitaja leo, kwa njiti ihesabuni hivyohivyo.

Kuisoma video ya namna hiyo ni kazi ya aliyefundishwa, usijihukumu mwenyewe usiku ukashindwa kulala. Lakini kuirekodi unaweza. Mtoto ameshiba, yuko macho, halii. Mlaze chali, nguo nyepesi, mikono na miguu ionekane yote. Usimwimbie, usimtingishie kijiko, usimpe kitu mdomoni. Rekodi dakika tatu. Siku ya hospitali mtoto anaweza kulala au kulia muda wote, na wewe unayo ya kuonyesha.

YANATOKA WAPI

Si kwa ukoo wa mama. Si kwa sababu ulivuka kitu ukiwa mjamzito. Kuna watoto ambao chanzo chao hakijulikani, lakini vyanzo vikubwa tunavikuta wodini kila siku: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano makali, maambukizi ya ubongo, na malaria kali.

Hapo ng'ambo Uganda, Iganga na Mayuge, walipita nyumba kwa nyumba wakahesabu. Matokeo yalitoka mwaka 2017: karibu watoto 3 kwa kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Na kwa kama robo yao tatizo lilianza baada ya kipindi cha uchanga, kwa magonjwa kama malaria kali. Maana yake mtoto alizaliwa mzima! Walikuta pia kwamba wenye hali nzito zaidi walikuwa wachache kati ya watoto wakubwa, na watafiti wanahofia wengi hawakuishi kufika umri huo. Nililisoma hilo mara mbili.

Sisi watu wa Kagera malaria tunaifahamu. Muleba yetu ndiyo iliyofanyiwa utafiti wa vyandarua vyenye dawa iliyoongezewa nguvu dhidi ya mbu sugu, matokeo yakachapishwa mwaka 2018 na kuonyesha watoto wanaolala ndani yake walipata maambukizi machache zaidi. Kwa hiyo chandarua usikifanyie uzio wa kuku wala kuanikia dagaa. Kinalinda hata kutembea kwa mwanao.

NENDA UKAULIZE UKIONA HAYA

Mikono bado ni ngumi karibu muda wote baada ya miezi minne.
Kichwa kinabaki nyuma ukimvuta akae, baada ya miezi minne.
Miguu migumu, hawezi kuipeleka vidole mdomoni, miezi sita na kuendelea.
Upande mmoja unafanya kazi kuliko mwingine kila mara.
Amechagua mkono kabla ya mwaka mmoja.
Hajakaa mwenyewe baada ya miezi tisa.
Hajatembea akiwa na miezi kumi na nane.
Nepi au kumfunga mgongoni ni vita kila siku.

Na haya usisubiri hata kesho: degedege, homa na shingo ngumu, utosi umevimba, kichwa kinakua haraka kupita kiasi, hawezi kunyonya, au mtoto aliyekuwa anakaa au anashika vitu sasa AMEACHA. Kuchelewa ni jambo moja. Kupoteza alichokuwa nacho ni jambo zito zaidi.

Ukifika, usiseme tu "nina wasiwasi," watakwambia usiwe na wasiwasi. Sema ulichokiona: "Miguu yake haifunguki nikimbadilisha nepi, tangu ana miezi mitatu, na mkono wa kushoto hautumii." Ukiambiwa subiri, uliza kwa heshima: nisubiri mpaka lini, na nisipoona mabadiliko niende wapi? Kama kituo chako hakina fiziotherapia, omba rufaa iandikwe. Ni haki ya mtoto.

JE, ANAPONA?

Sitawadanganya. Sehemu ya ubongo iliyoumia hairudi kuwa mpya. Lakini jeraha lenyewe haliendelei kukua, na ubongo wa mtoto mdogo bado unajifunza njia nyingine. Kinachoweza kuharibika zaidi ni mwili tukiuacha: misuli inafupika, nyonga inatoka mahali pake, mgongo unapinda. Hapo ndipo miezi miwili ya kusubiri inapouma.

Yule mtoto sasa ana miaka minne. Ile hela ya kahawa ilienda kwenye nauli. Babu yake, yuleyule aliyesifiwa nguvu, alichimbia nguzo kibanjani akafunga fito mbili sambamba, na mjukuu anatembea katikati kashika huku na huku. Anaanguka. Mkono wa kushoto bado unaangusha kijiko. Anaongea polepole, lakini Kihaya anachomjibu nacho bibi yake hata mimi sikiwezi. Bibi huyo siku hizi ndiye anayemfanyia mazoezi ya asubiji ya miguu, na ndiye anayewaambia wanawake wa jirani: fungueni nepi muangalie vizuri.

Leo usiku ukimbadilisha mwanao nepi, usiharakishe. Mwache dakika tano bila nguo nzito, penye joto, umtazame tu. Mikono yote inafunguka? Miguu yote inapiga teke? Anakaza na kuachia? Ukiona sawa, mshukuru Mungu mlale. Ukiona kitu, andika tarehe nyuma ya kadi ya kliniki, asubuhi uende.

Maswali niachieni hapa chini. Picha za watoto wakiwa hawana nguo tafadhali msiweke hadharani, niandikieni kwa maneno. Sehemu ya tano tutaongea kuhusu kumlisha mtoto anayepaliwa mara kwa mara: uji uwe mzito kiasi gani, akae vipi, na lini usilazimishe.

Mtumie na mama mkwe. Usiku mwema.